Kiti cha mbao cha dushi: namna ya kukitengeneza kisioze

Mtajiuliza agronomu wanatafuta nini ndani ya dushi ya watu. Tunakuja juu ya mambo mawili. La kwanza: mzee mwenye goti linalouma, mama mwenye mimba kubwa, mtu aliyetoka kupasuliwa, wengi wanaoga wakisimama juu ya sementi yenye sabuni, mkono mmoja ukishika ukuta. Mzee akianguka pale na kuvunjika nyonga, mara nyingi harudi tena shambani. La pili: miti mingi ya grevilea na kalitusi iliyopandwa na wanachama inafika sasa kwa fundi wa mbao, na tunaulizwa kama inafaa kwa kazi ya maji.

Inafaa kwa kiasi. Mbao ya kwanza ni mvule, lakini ile sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia. Ile nyeupe ya pembeni inaoza upesi, hata kama mti ni mvule kweli. Ukiuziwa kwa bei ya chini, angalia rangi kwanza. Kalitusi ni ngumu, ila ikikauka haraka inapasuka na kujikunja. Ipangwe kivulini, vijiti katikati ya mbao na mbao, hewa ipite. Grevilea inafanyika vizuri kwa randa lakini haivumilii maji siku nyingi: itumieni kwa fimbo za kukalia, ambazo zinabadilishwa, siyo kwa miguu. Na tafadhali, musitumie vipande vya nguzo za umeme. Nguzo nyingi zimeingizwa kreozoti au dawa yenye arseniki, na hapa mtu anakaa ngozi tupu, tena yenye maji.

Kimo cha kiti kinapimwa kwa mwenyewe. Akae bila viatu, upime toka chini mpaka nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi inakuja karibu 38 mpaka 45 cm. Kwa mwenye magoti mabaya ongeza 3 au 4, juu ya kuinuka ndiko kunamsumbua. Miguu minne ya 6 kwa 6 cm, iinamishwe kidogo kwenda inje, ili chini pawe papana kuliko juu. Iunganishwe kwa mbao za pembeni, juu na chini.

Pa kukalia tunaweka fimbo 5 za urefu wa 50 cm, upana wa 6 na unene wa 3, na nafasi ya 1 cm kati yake. Jumla inakuwa upana wa 34 cm. Hiyo nafasi si mapambo: maji yapite, hewa ipande, mbao ikauke mbele ya muogaji wa pili. Ubao mmoja mzima unashika maji na unateleza. Kingo zote zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo.

Fimbo zifungwe kwa visi zisizoshika kutu, vichwa viingie ndani ya mbao. Toboa kwanza, la sivyo kalitusi itapasuka. Kwa miguu, fundi akate ulimi na tundu, kisha apige kijiti cha mbao ngumu kupita katikati. Kola nyeupe ya kawaida inaachia ndani ya maji.

Verni hatuipendi hapa. Inapasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki tena. Mawese nayo hayakauki, yanabaki ya kunata. Mafuta ya lin yanafaa, mara mbili, yakauke vizuri. Kitambaa kilichoyapaka kitandazwe inje peke yake, sababu kikikunjwa kinaweza kuwaka chenyewe.

Chini ya kila mguu pigilia kipande cha pine ya zamani, vichwa vya misumari vizame ndani ya mpira. Kama dushi ni ya udongo, weka jiwe bapa chini ya kila mguu. Halafu jaribu: mifuko miwili ya sementi ya kilo 50 juu yake, usukume huku na huku. Kikilia au kikitikisika, kirudi kwa fundi mbele mzee hajakikalia.

Kila siku, muogaji wa mwisho akisimamishe inje ya maji. Kila mwezi kaza visi. Fimbo moja ikianza kuwa laini, fungua ile moja tu, weka ingine; njo maana hatukutaka misumari pale.