VVU kwa Watoto Wachanga: Kwa Nini Tiba Haiwezi Kusubiri

Mtoto wa wiki 6 aliyeletwa kliniki kwa ajili ya chanjo ananyonya vizuri, ananenepa na kulala usingizi wa utulivu. Muuguzi anamchoma kisiginoni, anadondosha matone machache ya damu kwenye karatasi maalumu, anaiacha ikauke, kisha anaitia katika bahasha ya kupelekwa maabara. Mama, ambaye anaishi na VVU, anautazama uso wa mwanawe na kuuliza swali ambalo wauguzi wamelizoea: mtoto mwenye afya kama huyu anapimwa kwa nini?

Jibu limo katika mwenendo wa virusi ndani ya mwili mchanga. Mtu mzima aliyeambukizwa aweza kuishi miaka mingi, hata bila dawa, kabla ya kuugua. Mtoto aliyeambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kupitia maziwa ya mama katika wiki za kwanza aghalabu hapati muhula huo. Kinga yake ingali inajijenga, na virusi huzaliana ndani yake kwa wingi mkubwa kwa miezi mingi. Uchambuzi wa tafiti zilizofanyika Afrika, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto walioambukizwa, katika zama ambazo tiba haikuwafikia, takribani theluthi moja walifariki kabla ya kutimiza mwaka 1, na zaidi ya nusu kabla ya kutimiza miaka 2.

Mara nyingine dalili ya kwanza huwa ndiyo ya mwisho. Nimonia inayosababishwa na kimelea kiitwacho Pneumocystis hushambulia hasa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na yaweza kumuua mtoto aliyeonekana mzima wiki iliyotangulia. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa kotrimoksazoli kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6. Kwa wengine ugonjwa hujitokeza polepole: utandu mweupe kinywani usiokwisha, kuhara kwa muda mrefu, masikio yanayotoa usaha, mstari wa uzito unaolala kwenye kadi ya kliniki, kuchelewa kukaa au kutambaa. Wachache hufikia umri wa kubalehe bila kutambuliwa, wakiwa wafupi kuliko wenzao na wenye kikohozi sugu.

Kupima nako kuna ugumu wake. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kubaki katika damu ya mtoto hadi kufikia miezi 18. Kipimo cha kawaida cha haraka hutafuta kingamwili hizo. Kwa hiyo, katika umri huu, majibu yake chanya huenda yakaeleza hali ya mama tu. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, nacho ndicho hufanywa kwa yale matone yaliyokaushwa. Majibu hasi ya wiki ya 6 hayafungi mjadala iwapo mtoto bado ananyonya. Hupimwa tena baadaye, na mara nyingine baada ya kuachishwa ziwa.

Zamani madaktari walisubiri seli za CD4 zishuke au dalili zijitokeze ndipo waanze tiba. Utafiti uliofanyika Soweto na Cape Town, Afrika Kusini, ulibadili utaratibu huo. Watoto wa umri wa wiki 6 hadi 12, ambao CD4 zao zilikuwa bado nzuri, waligawanywa katika makundi: wengine walianza dawa mara moja, wengine walisubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 16 katika kundi lililosubiri na asilimia 4 miongoni mwa walioanza mapema. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtoto mwenye VVU aliye chini ya mwaka 1 aanze dawa bila kusubiri kipimo cha CD4. Kufikia mwaka 2015 ushauri huo ulikuwa umewafikia watu wote wenye VVU, wa kila umri.

Dawa zenyewe zimekuwa rafiki zaidi kwa mtoto. Sharubati ya lopinaviri ilikuwa chungu, na wazazi wengi walipigana nayo asubuhi na jioni. Tangu mwaka 2020 kimekuwapo kidonge cha dolutegraviri kinachoyeyuka majini, kinachofaa kwa mtoto mwenye umri wa wiki 4 au zaidi na uzito usiopungua kilo 3. Utafiti uliowahusisha watoto wa Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini na kwingineko ulionyesha kuwa tiba yenye dolutegraviri hushindwa mara chache kuliko tiba za awali.

Mwitikio huonekana kwanza kwenye mizani: uzito hupanda na maradhi hupungua. Kushuka kwa virusi huweza kuchukua miezi, kwa kuwa mtoto huanza akiwa na virusi vingi mno. Visiposhuka, mtoa huduma hupaswa kuuliza kwanza mambo ya nyumbani. Nani humpa mtoto dawa mama anapokuwa shambani au sokoni? Je, mtoto huitapika? Kipimo cha dawa kimeongezwa kadiri uzito ulivyoongezeka? Dawa zikikatizwa, virusi vilivyojificha ndani ya seli huamka tena, na huweza kujenga usugu.

Tone la damu lililokauka halina faida likiishia maabara. Majibu yakikaa wiki kadhaa, au mama akishindwa kuyafuata kwa kukosa nauli au kwa kuogopa macho ya watu, ule muda ambao tiba ingeokoa maisha hupita. Wahenga walionya: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Mama yule kliniki anastahili kujibiwa wazi kabla hajaondoka: mtoto anapimwa akiwa mzima ili, ikiwa ameambukizwa, aanze dawa akiwa angali mzima.