Saa 31 za sauti: hesabu ya kufundisha vita Kasongo na Kabambare

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yenye matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyofanyika Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ina kurasa zaidi ya 550, kwa Kifaransa na Kiingereza. Kijana wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya nyumbani na sokoni, ataifikiaje?

Tuseme kila tukio linasimuliwa kwa dakika 3. Jumla ni dakika 1,851, karibu saa 31. Redio inayotenga nusu saa kila jioni itamaliza yote kwa miezi miwili. Sauti ya usimulizi ya kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 hivi kwa saa, kwa hiyo orodha nzima haijazi hata gigabaiti moja. Kadi memori ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 1,000. Video ya ubora wa chini inaweza kula megabaiti 450 kwa saa, mara 15 ya sauti. Kwa kijana anayenunua mega kidogo kidogo, uamuzi uko wazi: sauti kwanza, ipite redioni, kisha ihamishwe kutoka simu hadi simu bila intaneti. Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002, imeonyesha kwa miaka mingi kwamba Kiswahili kinabeba habari nzito za nchi hii.

Gharama kubwa iko kwa watu. Mfasiri makini akimaliza kurasa 5 kwa siku, kurasa 550 ni siku 110 za kazi. Kisha kuna ushuhuda wa wenyeji: ukirekodi wazee 100, saa moja kila mmoja, utapata gigabaiti 3 tu. Lakini kila saa ya sauti hudai saa 5 za kuandika, hivyo ni saa 500, zaidi ya siku 60 za mtu mmoja. Bado hujahesabu pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, zaidi ya kilomita 100, wala siku za kukaa na mama aliyebakwa mpaka aamue mwenyewe kama atasema au atanyamaza. Siku hizo hazipunguzwi. Mradi unaomaliza fedha zake kwenye kamera umeanza vibaya.

Kuna hesabu nyingine ambayo video za mapigano huificha. Shirika la misaada la IRC lilikadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 5.4 zaidi ya kawaida walikufa tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Wataalamu wengine wamelipinga kadirio hilo, lakini jambo moja halina ubishi mkubwa: wengi waliuawa na malaria, kuhara, homa ya mapafu na njaa, si risasi. Karibu nusu walikuwa watoto chini ya miaka 5. Anayetaka kuwafundisha vijana ukweli wa vita aanze na zahanati iliyoporwa na shamba lililoachwa msituni.

Fedha je? Sheria ya Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga, nao umetengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Dhahabu ya dola 1,000 inatoa mrabaha wa dola 35, na mfuko unapata dola 3.85. Namoya, penye dhahabu, iko Kabambare kwenyewe. Ni haki sehemu ya fedha hiyo ilipe mfasiri na mwandishi wa huko huko.

Katika vita ya zamani zaidi, ile ya Wabelgiji na Waarabu-Waswahili wa Kasongo, walioshinda walijikumbuka mapema. Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892, walijengewa mnara Blankenberge mwaka 1900. Mnara huo haukujengwa kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika vita hiyo hiyo.

Mashahidi wa vita za baadaye nao wanazeeka. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964 sasa amepita 75. Wa vita ya 1998 bado wana muda kidogo. Walimu wa Kasongo na Kabambare, anzeni na hao wa 1964. Waombeni ruhusa, muwarekodi, na nakala moja ibaki kwa familia yao.