Adui wa Simba si Scar peke yake

Juzi nilikuwa naangalia Le Roi Lion, ile filamu ya katuni ya mwaka 1994, pamoja na wadogo zangu. Mmoja akaniuliza: « Yaya, juu ya nini Simba harudi kwao? Amekwisha kukomaa, Scar iko mbali, nani anamukataza? » Nilikosa jibu la haraka. Kumbe swali lake njo somo lote la migogoro katika hadithi.

Hadithi inatembea wakati mtu anataka kitu na kuna kizuizi. Katika katuni, mara nyingi kizuizi hicho ni cha aina nne.

Ya kwanza ni mtu na mtu: Simba na Scar wanagombania ufalme. Ya pili ni mtu na maumbile: katika Finding Nemo (2003), Marlin anavuka bahari yenye papa ili amupate mtoto wake. Bahari haimuchukii, ni kubwa tu. Ya tatu ni mtu na jamii: katika Zootopia (2016), Judy ni sungura wa kwanza kuwa polisi, alafu anapewa kazi ya kuandikia magari faini. Anapigana na mawazo ya mji mzima. Ya ine ni mtu na nafsi yake: Simba anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake. Njo maana harudi.

Filamu nzuri inachanganya aina hizo. Muangalie Kirikou et la Sorcière (1998) ya Michel Ocelot. Kijiji chote kinasema Karaba ndiye aliyekausha chemchemi. Kirikou anaingia ndani, anakuta ni mnyama anayekunywa maji yote. Na ubaya wa Karaba unatoka kwenye mwiba wa sumu ambao wanaume walimuchoma mgongoni. Kirikou hamuui, anautoa kwa meno.

Mimi, kisha kumaliza masomo, nilisema mwaka muzima kwamba watu fulani wananifungia mlango. Kwa sehemu ni kweli: bila mtu anayekujua, dosie inalala. Lakini kulikuwa nafasi moja ya kazi yenye mtihani, na dosie yangu sikuipeleka. Mpaka leo iko chini ya kitanda. Pale hapakuwa Scar. Niliogopa kushindwa tu.

Si kila tatizo letu liko ndani yetu. Yale ya jamii tuyapiganie pamoja. Lakini tusipojua ni mgogoro wa aina gani, tutashinda tukimupigia Karaba kelele, na mnyama anaendelea kunywa maji.

Na wewe, wa kwako ni wa aina gani?