Rangi Aliyonyimwa Bibi

Hadithi njoo! Utamu kolea! Uongo leo tuuache nje, wanangu, maana haya nitakayowasimulia ni ya kweli, na yana ajabu kuliko uongo.

Mmekwisha kusikia kwamba siku moja binadamu ataungana na mashine, aone zaidi, akumbuke zaidi, aishi zaidi. Mwezi wa Januari 2024, kampuni ya Neuralink ya Marekani ilimwekea mtu aliyepooza kifaa ndani ya ubongo, akaweza kusogeza kishale cha kompyuta kwa kuwaza tu. Mnadhani hayo yatafika hapa kwetu Mwabungo mkiwa wazee. Basi jioni ya leo nendeni mkawaamkie bibi zenu. Wakishaitikia marahaba, watazameni machoni. Huenda mmoja wao alivuka zamani mpaka huo wa mtu na kifaa, na wala hajajigamba.

Tuanze na jicho. Nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo inayokusanya mwanga. Imejengwa kwa protini zilizopangika vizuri hata mwanga ukapita bila kuzuiwa. Umri unaposonga, protini zile hushikana na kuwa nyeupe, kama ute wa yai linapochemshwa. Na yai likishachemka halirudi kuwa bichi. Huyo ndiye mtoto wa jicho, na hakuna tone la dawa linalomwondoa. Bibi aliyekuwa akishuka mwambani maji ya bamvua kutafuta pweza, sasa tundu la pweza halioni. Akisuka ukili, chane zinampotea. Mwisho hutembea kwa kushikwa mkono na mjukuu, na mjukuu huyo ndiye anayekosa shule.

Tiba ni kuitoa lenzi iliyoharibika. Zamani walikuwa wakishaitoa, basi. Mgonjwa alipewa miwani mizito akaambiwa ashukuru. Aliyebadilisha mambo ni daktari Mwingereza, Harold Ridley. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatibu marubani ambao ndege zao zilipigwa risasi, na vipande vya kioo cha plastiki cha chumba cha rubani vikawaingia machoni. Mnajua mwiba ukibaki kidoleni: kidole huvimba, kikatunga usaha. Lakini plastiki ile ilikaa ndani ya jicho, na jicho likatulia. Baada ya vita, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimtazama Ridley akitoa mtoto wa jicho alimuuliza mbona harudishii lenzi nyingine. Swali la kitoto hilo, na ndilo lililofungua mlango. Mnamo Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Ridley alimwekea mwanamke mmoja lenzi ya plastiki ya aina ile ile.

Mnadhani alishangiliwa? Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Kazi ya daktari wa macho, walisema, ni kutoa kitu kigeni jichoni, si kukitia. Alipokuja kutunukiwa heshima na Malkia mwaka 2000 alikuwa na miaka 93, na yeye mwenyewe alikwisha kuwekewa lenzi aliyoibuni.

Hata hivyo ufundi ulikuwa wa wenye pesa, kwa kuwa lenzi zilikuwa ghali. Bei ilishuka pale viwanda vilipojengwa karibu na wanaozihitaji: cha Aurolab kule Madurai, India, mwaka 1992, na kingine Asmara, Eritrea, mwaka 1994, kwa juhudi alizozianzisha daktari Fred Hollows wa Australia, ambaye alifariki kabla hakijafunguliwa. Na hapa kwetu Kwale, kituo cha macho kilichoanzishwa miaka ya 1990 kilituma watu vijijini kuwatafuta wazee waliokwisha kukata tamaa ya kuona. Siku hizi lenzi yenye upana wa milimita 6 hivi hupitishwa kwenye mpasuko mdogo unaojifunga wenyewe, mara nyingi bila kushonwa. Kesho yake kitambaa kinafunguliwa, bibi anawaona wajukuu aliokuwa akiwajua kwa sauti.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika mwanga wa jua mna miale iitwayo urujuanimno. Nyuki anayezunguka maua ya mnazi huiona, na samaki kadhaa wa mwambani huiona. Sisi hatuioni, na kinachotuzuia hasa ni lenzi yetu ya kuzaliwa, ambayo huikamata njiani. Ikitolewa lenzi hiyo, mlango unakuwa wazi. Watu waliokaa bila lenzi wamesimulia kuona weupe uliochanganyika na zambarau mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Wako wanaodhani hata mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyepasuliwa jicho mwaka 1923, aliipata rangi hiyo.

Kwa hiyo madaktari wangeweza kumpa bibi jicho la nyuki. Hawakufanya hivyo. Tangu miaka ya 1980 lenzi hutiwa kichujio kinachozuia miale hiyo, kwa sababu huweza kuidhuru retina, ile ngozi nyororo ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Mpaka uliowekwa na maumbile ulibomolewa, kisha watu wakaujenga upya kwa mikono yao, wakijua wanalinda nini. Na lenzi hiyo ina upungufu wake pia: ya kawaida haijikunji kama ya kuzaliwa, hivyo bibi akitaka kutunga uzi kwenye sindano bado ataomba miwani.

Hayo ndiyo ninayotaka mkae nayo. Wako wataalamu wanaosema binadamu avuke kila mpaka alionao, na wako wanaosema asiguse hata mmoja. Jicho la bibi linawakataa wote wawili. Upofu ulikuwa mpaka wa kuvunjwa. Rangi ya nyuki ilikuwa mpaka wa kurudishwa. Ninyi mtaletewa mengi zaidi, ya masikioni, ya moyoni, ya ubongoni. Kila kifaa kitakapokuja, muulizeni anayekileta: mpaka huu ulikuwa unalinda nini, na mtu wa Mwabungo atakipata kwa bei gani? Akishindwa kujibu swali la kwanza, msikipokee. Akishindwa la pili, mkitengeneze wenyewe, kama walivyofanya Asmara.