Unyumbufu wa Shingo ya Kizazi na Mimba Zinazopotea Bila Uchungu

Katika vijiji vya milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na katika vile vya mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, mama anayepoteza mimba ya miezi mitano hutafutiwa kosa. Mmoja huambiwa alijichosha kwa kuchimba ngoro. Mwingine, kwamba alibeba ndoo za usipa. Wa tatu hunong'onezewa habari za uchawi. Mimba ya pili ikipotea kwa namna ileile, lawama huongezeka. Swali linalosahaulika ni hili: je, shingo ya kizazi iliweza kuubeba uzito wa mimba?

Shingo hiyo haikuundwa kwa misuli mingi. Sehemu yake kubwa ni nyuzi za kolajeni, na ndizo zinazoifunga hadi wakati wa kujifungua. Kabla ya ujauzito huwa ngumu kama ncha ya pua. Mimba inapokua hulainika polepole kama midomo. Ikilainika mapema mno, hufupika na kufunguka bila uchungu, na mtoto hutoka kabla ya wakati. Hali hiyo huweza kuwa ya kuzaliwa nayo, au kufuata mchaniko wa uzazi uliopita au upasuaji wa shingo yenyewe.

Wakunga wamekuwa wakiupima ulaini kwa kidole. Mwaka 1964 daktari Edward Bishop wa Marekani aliuweka miongoni mwa vigezo vitano vya kukadiria utayari wa mama kujifungua. Hata hivyo, vidole viwili huweza kutoa majibu mawili, ndiyo sababu watafiti wakatafuta kipimo cha namba. Elastografia hutumia ultrasaundi: tishu laini hubonyea zaidi inapokandamizwa, na mawimbi hupita ndani yake polepole kuliko katika tishu ngumu. Kifaa kingine huinyonya shingo taratibu na kupima nguvu inayohitajika kuivuta milimita 4; nguvu ikiwa ndogo, tishu ni laini. Vipimo hivi bado si sehemu ya huduma ya kawaida ya kliniki, kwani mkono wa mpimaji huweza kubadili jibu na hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kutenganisha salama na hatari.

Kipimo kinachoaminika leo ni urefu, unaopimwa kwa ultrasaundi ya ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, shingo huhesabiwa kuwa fupi. Mama wa namna hiyo huweza kupewa projesteroni ya ukeni, au kushonwa uzi shingoni, upasuaji ulioelezwa na Shirodkar wa Bombay mwaka 1955 na McDonald wa Melbourne mwaka 1957. Aliyepoteza mimba kadhaa kwa namna hiyo huweza kushonwa mapema, wiki ya 12 hadi 14. Uzi huondolewa wiki ya 36 au 37, na mara moja uchungu ukianza. Hivyo mkazi wa kijiji cha mbali ahamie karibu na hospitali kabla ya siku hizo.

Si kila mimba iliyopotea ni kosa la shingo. Nyingi za wiki 12 za kwanza hutokana na hitilafu za kromosomu. Malaria na kaswende nazo huua mimba. Kupumzika kitandani siku nzima hakujathibitika kuizuia hali hii.

Kwa mhudumu wa zahanati isiyo na ultrasaundi, kifaa bora ni maswali: mimba ilitoka wiki ya ngapi? Uchungu ulitangulia, au chupa ilipasuka ghafla? Majibu yaandikwe kwenye kadi, na mama apewe rufaa mapema, si baada ya tumbo kuonekana. Kwa mama: ukikosa hedhi baada ya hasara kama hiyo, nenda kliniki mwezi huohuo. Ukihisi mgandamizo chini ya tumbo, ute mwingi ukeni au damu, usingoje maumivu.