Dakika Nne Zisizo na Maneno

Mnamo Novemba 1993, watu waliokwenda kutazama The Three Musketeers katika majumba ya sinema ya Marekani walionyeshwa kwanza trela ya katuni ambayo yenyewe ilikuwa haijakamilika. Theluthi moja tu ya The Lion King ndiyo iliyokuwa tayari. Trela nyingi huungwaunga kwa vichekesho na vishindo. Hii ilikuwa onyesho zima la ufunguzi, kama dakika nne hivi. Jua linachomoza, wanyama wanakusanyika, mtoto wa simba anainuliwa juu ya mwamba. Muziki unaimba, lakini hakuna mhusika anayesema neno.

Ilitushikaje bila maneno? Tuanze na jicho. Jicho la binadamu huona kwa ukali eneo dogo sana, takriban upana wa kucha ya kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaupamba. Kwa hiyo kazi ya mchoraji wa katuni ni kuamua ile kucha itue wapi, maana katika trela picha hupita kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kutafuta. Mwendo huivuta, na mwanga mkali penye giza pia. Kuna picha moja ya sisimizi wakibeba vipande vya majani tawini. Ghafla wao wanafifia na pundamilia walio chini wanadhihirika. Jicho limehamishwa bila kuombwa ruhusa. (Sisimizi wakatao majani namna hiyo wanaishi mabara ya Amerika, si Afrika, lakini tuwasamehe wachoraji.) Kisha vichwa vyote vinageukia mwamba, nasi tunafuata, kwa kuwa binadamu hufuata macho ya wenzake tangu uchanga. Mwale wa jua unapopenya mawingu na kumwangukia mtoto, hatuna pengine pa kutazama.

Lakini kwa nini tuguswe na wino na rangi? Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara, vikizungukazunguka kando ya kisanduku. Kati ya watazamaji 34, mmoja tu ndiye aliyeeleza maumbo. Wengine walisimulia ugomvi, uonevu na woga, kana kwamba wameona viumbe hai. Mwendo pekee ulitosha kuzaa nia na hisia. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alikuwa ameeleza jinsi kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo vinavyotuamshia huruma ya mlezi. Simba mchanga ana vyote hivyo, na zaidi ya hapo anapiga chafya.

Muziki ndio unaokamilisha kazi. Utafiti uliofanywa Montreal na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ubongo hutoa dopamini wimbo unapotusisimua, na pia katika kule kuungoja msisimko wenyewe. Sauti ya mwimbaji Lebo M inaita kwa Kizulu, kwaya inapanda, kisha ngoma moja inalia na jina la filamu linatokea penye weusi. Trela inaishia hapo. Adui hatujamwona, wala hatujui huyo mtoto atapatwa na nini. Trela za siku hizi, kwa maoni yangu, huharibu hapa: zinakusimulia mpaka msiba wa katikati, ukatoka huna swali la kukupeleka kukata tiketi.

Novemba 2018 Disney walitoa trela ya toleo jipya, wanyama wakiwa wametengenezwa kwa kompyuta kama wa mbugani, na wakarudia onyesho lilelile. Ilisisimua tena. Filamu ilipotoka mwaka 2019, wahakiki wengi walilalamika kwamba nyuso hazionyeshi hisia. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu kwenye trela, ila pale mwendo, mwanga na ngoma vilibeba kazi yote, na hakuna uso uliotakiwa kulia wala kusema uongo. Katika filamu, kwa karibu saa mbili, nyuso hizo zilitakiwa kufanya yote mawili.