Je, Wajua? Sikukuu Zinazofuata Mwezi Mpevu

Mkazi wa Makutano, Meru, anayehamia Sri Lanka kikazi hukuta kwamba kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni sikukuu ya umma, ambapo ofisi za serikali na benki hufungwa na uuzaji wa pombe na nyama hupigwa marufuku, hivyo humlazimu kununua kitoweo mapema. Iliyo kuu zaidi ni Vesak, kwa kawaida mwezi wa Mei, inayoadhimisha kuzaliwa, kupata nuru na kufariki kwa Buddha, na ambayo uzuri wake hasa umo katika ukarimu: taa za karatasi iliyowambwa juu ya fito za mianzi huning'inizwa milangoni, na kwenye vibanda viitwavyo dansala kila mpita njia, mgeni akiwamo, hupewa chakula bila malipo.